Utando Usiopenda Mvua

Jumanne, 4 Machi

Feni ya maabara imekufa leo asubuhi, nami naifungua shajara hii kwa kuiandikia tanzia. Haikufa ghafla. Ilikohoa wiki nzima, ikanguruma kama mtu mwenye neno la mwisho linalokataa kutoka, kisha ikanyamaza katikati ya kazi yetu. Ndiyo iliyokuwa ikiuvuta mvuke wa viyeyushi kutoka kwenye kabati la kioo na kuutupa nje juu ya paa. Bila hiyo, mvuke unabaki humu ndani pamoja nasi.

"Haya, Kipaza," akasema mwenzangu wa meza, "hotuba ya mazishi utaitoa wewe, au tutafute mtu mwenye sauti ya kibinadamu?"

Kipaza ni jina nililobandikwa tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa mikutanoni sihitaji kipaza sauti. Sasa mimi ni mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi, na jina limekuwa cheo. Yeye wanamwita Bi Harusi, kwa ajili ya koti lake jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, wavu wa nywele unaoning'inia mithili ya shela, na glovu anazozivua kidole kimoja kimoja kama mtu anayevua pete. Tuko chini ya Profesa mmoja, tunagawana meza moja, na hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote lililosemwa kwenye meza hiyo.

Profesa amemwandikia Mkuu wa Kitivo. "Tuvumilie kidogo," ametuambia. Ningekuwa na mamlaka juu ya kamusi, neno hilo ningeling'oa na mizizi yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Bi Harusi amefunga madirisha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Madirisha yamefungwa. Kichwa kinaniuma nyuma ya macho.

Nieleze jambo hili vizuri, maana atakayesoma huenda akauliza kwa nini watu wazima, wenye shahada zao, walijifungia chumba kimoja na sumu kwa hiari.

Kopolima ni molekuli ndefu kama uzi, na hizi zetu, za vitalu, zina nusu mbili zisizopatana. Nusu moja huikimbia nyingine kama mafuta yanavyoyakimbia maji. Lakini zimeshonwa pamoja kwa kifungo cha kikemia, na kwa hiyo haziwezi kuachana. Ukizipa nafasi ya kujongea, hutafuta suluhu: mamilioni ya nyuzi hujipanga, nusu za aina moja upande huu, za aina nyingine upande ule, mpaka utando mwembamba kuliko rangi ya kucha unajaa mistari au nukta zilizolingana, ndogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Hakuna mkono unaozichora. Kazi ya Bi Harusi ni kuchanganya aina mbili, moja yenye tabia ya kuchora mistari na nyingine yenye tabia ya kuchora nukta, aone mchanganyiko utachora nini ambacho hakuna aina iliyokiweza peke yake. Akifaulu, nukta zitageuzwa vitundu, na utando utakuwa chujio ambalo kila tundu lake ni sawasawa na jirani yake.

Ili nyuzi zijongee, zinahitaji mvuke wa tolueni, kiyeyushi chenye harufu kali kama ya rangi mbichi. Unauweka utando katika mtungi wa kioo, unamimina kiyeyushi kidogo pembeni, unafunika, unasubiri. Mvuke huulainisha, nyuzi zinapata uhuru wao. Kisha unauachia mvuke utoke taratibu mno. Ukiharakisha, nyuzi huganda zilivyo, vurugu na yote. Na hewa ikiwa na unyevu, maji hutua juu ya utando unaopoa kama umande, yakaacha mashimo. Kazi ya wiki nzima inageuka uso wenye makovu ya ndui.

Ndiyo maana mvua ikinyesha tunafunga madirisha. Feni ilipokuwa hai, halikuwa neno. Sasa utando unataka yafungwe, mapafu yanataka yafunguliwe, na Bi Harusi ameuchagua utando bila hata kupiga kura.

Namwelewa, ingawa simkubalii. Usajili wake unakoma mwisho wa Mei. Aliwahi kuongezewa muda, mwaka ule alioacha masomo kumuuguza baba yake hadi wakamzika, na kanuni haziruhusu nyongeza ya pili. Asipoonyesha utando mmoja mzima, uliotengenezwa kwa mikono yake mwenyewe, atarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumanne, 18 Machi

Nalala sebuleni kwa dada yangu, muuguzi wa wodi ya dharura. Leo amenizuia mlangoni.

"Unanuka kama mlango uliopakwa rangi leo."

"Hiyo ni harufu ya sayansi, dada."

"Basi sayansi ivue shati, ikalianike nje. Hebu nitazame. Macho mekundu hivyo! Mnafanya kazi wangapi humo?"

"Mimi na Bi Harusi."

"Naye anaumwa kichwa?"

"Anasema haumwi."

"Sikukuuliza anasema nini, mheshimiwa. Nimekuuliza kama anaumwa."

Nikavua shati. Alinifungulia, lakini godoro langu nimelikuta amelisogeza karibu na dirisha.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Leo Bi Harusi alicheka peke yake, kicheko kirefu kisicho na kichekesho, kisha akaivaa glovu ya kulia mkono wa kushoto na kuitazama kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokosea. Nikafungua dirisha. Akalifunga. Nikalifungua. Akalifunga, akasimama mbele yake.

"Unaniulia utando."

"Nakuokoa roho."

"Roho haihesabiwi kwenye tasnifu, Kipaza. Kaa chini."

Jumanne, 25 Machi

Kumekucha na jua! Tulifungua kila kitu, tukafanya kazi kama watu. Chini ya hadubini ya sindano, ile inayopapasa uso wa utando kama kipofu asomavyo kwa kidole, tumeona mistari na nukta zikikaa ubavu kwa ubavu katika utando mmoja. Ni kona ndogo tu. Kwingine ni vurugu tupu. Lakini Bi Harusi alinikamata mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Umeona pale ambapo mistari imegongana?" akasema. "Pana mkazo pale. Nyuzi ndefu ni nzito, zimesongamana, haziwezi kugeuka. Ila hizi fupi nilizochanganya zinakimbilia penye mkazo, zinajaza, kasoro inajifunga. Mchanganyiko unapona upesi kuliko kopolima tupu."

"Nitaitumia hiyo."

"Usiitumie."

"Wadogo ndio wanaokimbilia penye mkazo, ndio wanaouponya mfumo—"

"Polima haina wadogo wala wakubwa. Haina chama, haina mwenyekiti, haikuchagui. Nakuomba, niachie kitu kimoja ambacho hujakihutubia."

Ijumaa, 28 Machi

Nimeitumia. Ukumbi ulisimama. Niliwaambia: sisi ndio nyuzi fupi, chuo hiki kina kasoro, na kasoro haiponi kwa barua, huponywa na wale wanaokubali kwenda penye mkazo! Nilimnukuu Mkuu wa Kitivo, kwamba feni "ipo kwenye ratiba." Nikauliza ratiba ya mwaka gani. Nikauliza kama mapafu yetu nayo yapo kwenye ratiba hiyo. Viti viligongwa mpaka kimoja kikavunjika.

Tumepitisha kwa sauti moja: kuanzia Jumanne hakuna mwanafunzi atakayeingia maabara yoyote mpaka feni itengenezwe. Atakayeingia, jina lake litasomwa mbele ya mkutano. Kifungu hicho cha mwisho nilikiandika mimi. Nilikiona kizuri, kifupi, chenye meno.

Bi Harusi alikuwa mstari wa nyuma. Hakupiga makofi wala hakupinga.

Jumatatu, 31 Machi

Bi Harusi alinisubiri kwenye korido ya maabara. Nieleze desturi yetu: vumbi ni adui wa utando, kwa hiyo hakuna anayeingia na viatu vya nje. Viatu vinabaki mlangoni, ndani tunavaa kandambili za maabara. Alikuwa ameketi sakafuni kando ya viatu vyake, na kwa mara ya kwanza nikamwona bila koti. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani.

"Unanigomea mimi, au unamgomea Mkuu?"

"Nampigania kila anayepumua humo, wewe kwanza."

"Mkishinda mwezi wa sita, mimi nitakuwa wapi?"

"Utakuwa hai."

"Hai, nashona sare za shule na mama. Si vibaya, ila sikuja huku kwa hilo." Akavuta pumzi. "Sikuombi uvunje mgomo. Naomba mlango mmoja. Sheria ya maabara ni watu wawili, unaijua, mtu hafanyi kazi peke yake. Weka kiti kimoja hapa nje. Akae mtu, yeyote, agonge mlango kila baada ya muda. Nikichelewa kuitika, afungue. Hilo tu."

Nilimjibu kwa sentensi niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya waandishi wa habari: "Mgomo wenye mlango mmoja wazi si mgomo."

Akavivuta viatu vyake karibu. Kisha akacheka, safari hii kicheko chenye sababu.

"Umewahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho bila kutafuta pa kupigiwa makofi?"

Nilikwenda zangu. Naandika haya nikiwa bado nina hakika kwamba nilisema kweli.

Jumanne, 1 Aprili

Mgomo umeanza. Maabara zote tupu. Mvua kubwa, na watu wamesimama ndani yake wakiimba. Sijawahi kukipenda chuo hiki kama leo.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Mkuu wa Kitivo amekataa kutuona.

Jumanne, 8 Aprili

Walinzi wa mgomo wamemwona Bi Harusi akitoka maabara alfajiri. Katibu wetu, kijana hodari anayepiga kelele mahali ambapo pangetosha tabasamu, alinipa karatasi yenye jina la Bi Harusi kabla sijapanda jukwaani. Ningeweza kuiweka mfukoni. Niliisoma.

Walizomea. Nilitarajia niridhike. Nilichohisi ni kama kugusa kitu cha baridi gizani.

Bado nasema ni haki. Kanuni isiyomgusa rafiki ni upendeleo uliovaa suti. Ila nimeliandika hili mara mbili, na mara zote mbili mkono umesita.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Dada ameuliza, "Yule mwenzako aliacha?" Nikasema walinzi wapo, hawezi kuingia tena. "Sikukuuliza kama anaweza," akasema, akaenda kazini.

Jumapili, 13 Aprili

Jua la ghafla siku nzima. Nimefua mashati yote. Walinzi tumewapa mapumziko, nani atakwenda maabara Jumapili?

Jumanne, 15 Aprili

Naandika ya jana.

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, ikanyesha bila kupumua. Mchana tulikutana kwenye baraza ya jengo la utawala, umati ukiwa umefurika hadi kwenye ngazi. Nilikuwa katikati ya hotuba Katibu aliponijia na mfuko wa nailoni chini ya mwavuli. Akatoa viatu.

"Viatu vya msaliti!" akapaza sauti, akiviinua. "Nimevikuta mlangoni pa maabara! Amejifungia kwa ndani!"

Nilivitambua. Ni viatu vyeusi vya kamba, kisigino cha kushoto kimelika upande. Nikavichukua mkononi, na kwa kuwa ulimi wangu hufika kabla yangu, nikasema: "Tazameni! Viatu vimegoma, mwenyewe bado!"

Kicheko kilitikisa bati. Mtu akadai tuvipige mnada. Nikasubiri kitulie, nikavigeuza mikononi ili nipate mzaha wa pili, na ndipo nikaziona nyayo za viatu.

Zilikuwa kavu. Vumbi la njia ya nyuma lilikuwa limeshika kwenye nyufa, jepesi, la kijivu, unaweza kulipuliza. Nikakitazama kilichokuwa kikimwagika nje ya baraza. Hakuna aliyeweza kuufikia mlango ule siku ile na nyayo kavu. Aliingia Jumapili, kwenye jua.

"Ulibisha hodi?" nikamuuliza Katibu. Umati ulinisikia, wakadhani ni sehemu ya hotuba.

"Nilibisha sana."

"Akajibu nini?"

"Alinyamaza. Yule ana kiburi, mwenyekiti, si unamjua?"

Namjua. Bi Harusi hajawahi kushindwa kumjibu mtu.

Nilikimbia. Niliruka ngazi nikiwa na viatu vyake mkononi, na umati, ukiwa umezoea kunifuata, ukanifuata. Walikuwa wakiimba. Hapakuwa na pumzi ya kuwaeleza, na hata ningekuwa nayo, kwa miaka mitatu nimewafundisha kutouliza ninapokwenda mbele.

Maabara ipo chini, upande wa bustani. Mapazia yalikuwa yameshushwa, na ukingoni mwa kila kioo, kwa ndani, alikuwa amebandika utepe wa gundi, kwa unadhifu ule ule anaofungia vifungo vyake: unyevu usiingie, harufu isitoke ikawaita walinzi. Nikang'oa tofali kwenye ukingo wa bustani, nikapiga. Kioo kilipovunjika umati ulishangilia. Ulidhani tunavunja mali ya chuo. Wengine wakaanza kuokota mawe, nikageuka nikawapigia kelele waache, na hiyo ndiyo hotuba pekee ya siku ile iliyokuwa na maana.

Harufu ilitoka kama kitu chenye uzito. Niliziba pua kwa shati, nikaingia. Mitungi ya kioo ilikuwa imepangwa mezani mwanzo hadi mwisho, maana alitaka kurudisha muda wote aliopoteza kwa mpigo mmoja. Chupa ya tolueni ilikuwa imelala ubavu, sakafu imelowa. Alikuwa chini, shavu kwenye vigae, mkono mmoja una glovu, mwingine hauna. Midomo yake haikuwa na rangi ya mtu.

Na niliona jambo jingine, sitalificha. Mtungi wa mwisho mfuniko wake ulikuwa umeinuliwa kidogo kwa kijiti. Alikuwa ameshafika kwenye kuuachia mvuke utoke. Upepo ulikuwa unaipeperusha mvua kupitia dirisha nililolivunja, moja kwa moja juu ya mtungi ule. Niliupita. Nilimbeba yeye.

Dada ndiye aliyempokea wodini. Hakunigombeza. Akiwa anamfunga kinyago cha oksijeni aliuliza bila kuinua macho, "Amekuwa humo tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Kwa nini peke yake? Si mna sheria ya watu wawili?"

Mimi, ambaye sihitaji kipaza sauti, sikuwa na sauti.

Jumatano, 16 Aprili

Yu hai. Hajaamka.

Mama yake amefika. Ametoka nyumbani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, hakuna aliyemwambia. Alinishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye uliyevunja dirisha, mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Mungu akuzidishie. Alikuwa akikutaja. Alisema mwenzake wa meza ni mtu wa maneno mengi lakini moyo wake si mbaya."

Niliinamisha kichwa apate kunibariki, maana kumzuia kungehitaji maelezo. Nimezomewa na polisi, nimetishiwa kufukuzwa. Hakuna kilichowahi kuniumiza kama baraka ile.

Alhamisi, 17 Aprili

Mkuu wa Kitivo ametangaza kwamba feni itatengenezwa "kwa dharura." Tumeshinda. Katibu amekuja na bango jipya, limechapishwa vizuri, lina picha ya Bi Harusi akitabasamu ndani ya shela lake la wavu. Chini yake: SHUJAA WA HEWA SAFI.

"Wiki iliyopita tulimzomea," nikasema.

"Watu husahau, mwenyekiti."

"Wanasahau kwa sababu wapo wanaowasahaulisha. Mimi na wewe."

"Sasa tuseme nini? Kwamba sisi ndio tuliomfungia?"

Nikasema ndiyo, tuseme hivyo. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeweweseka.

Jumanne, 22 Aprili

Nilipanda jukwaani bila karatasi. Niliwaambia kwamba Mkuu wa Kitivo aliiua feni kwa uzembe wake, na hilo halitabadilika. Kisha nikawaambia kwamba Bi Harusi aliomba kiti kimoja nje ya mlango, na aliyekikataa si Mkuu. Nilikikataa mimi, kwa sentensi nzuri. Nikasema ninyi mlimzomea kwa sababu mimi nilisoma jina.

Watu walitazama saa zao. Katibu akachukua kipaza sauti, akaanzisha wimbo, wakaitikia kwa shukrani. Jioni nimearifiwa kwamba mwenyekiti sasa ni yeye.

Bi Harusi ameamka leo. Hawezi kutamka majina ya vitu. Dada anasema mengine yatarudi, mengine hapana.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Feni mpya inavuma vizuri, huwezi kusikia harufu hata ukiinamia chupa. Vioo vimebadilishwa. Tando za ile mitungi mingine nimezikuta zimeganda kwa vurugu, maana hakuna aliyekuwapo kuuachia mvuke wake. Nimeuweka utando wa mtungi wa mwisho chini ya hadubini ya sindano.

Umejaa mashimo, duara baada ya duara, kila moja ni tone la mvua lililoingia na mimi. Lakini katikati ya mashimo, na kwenye kona moja ambayo upepo haukuifikia, mpangilio upo: mistari na nukta, ubavu kwa ubavu, kasoro zote zimejifunga. Mchanganyiko umefanya alichosema utafanya. Aliuweza. Utando ulikuwa mzima mpaka nilipomwokoa.

Profesa alisimama nyuma yangu, akaitazama kona ile kwa muda mrefu.

"Piga picha hapa," akasema. "Kona hii inatosha. Nitaiambatanisha mimi na maombi yake ya shahada. Kila maabara hupiga picha ya kona yake nzuri, kijana, usinitazame hivyo. Nani atauliza upande wa pili?"

Nilipiga picha ya kona. Kisha nikapiga ya katikati.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda wodini na picha zote mbili na viatu vyake, nilivyovipaka rangi. Mama yake alikuwa amelala kwenye kiti, mkono wake juu ya blanketi. Bi Harusi ameketi kitandani. Mikono yake inatetemeka mfululizo, kidogo tu, kama kitu kinachochemka chini kwa chini. Maneno anayatafuta moja moja, lakini macho ni yale yale.

"Kipaza. Leo... huna umati?"

"Sina. Wamenivua cheo."

"Pole. Kilikubana." Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa picha ya kona. Akaishika kwa mikono miwili ili itulie. Aliitazama mpaka nikaona machozi yamejaa bila kudondoka. Kisha akasema:

"Hii kona. Nionyeshe katikati."

Ningeweza kusema sina. Profesa ameniomba niseme sina. Nikatoa ya pili.

Hakuhitaji hata kuisogeza karibu.

"Maji."

"Ndiyo."

"Mlivunja... lile la kioo. Dirisha."

"Nililivunja mimi."

"Mvua ikaingia."

"Ikaingia."

"Na mfuniko ulikuwa..."

"Ulikuwa wazi kidogo. Niliuona. Niliupita."

Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa nimeandaa hata msamaha, wa aya tatu. Hakunipa nafasi ya kuutoa. Aliziweka picha zote mbili mapajani, moja juu ya nyingine, akajaribu kulinganisha kingo zake, vidole vikakataa, akaziacha zilivyo.

"Peleka zote," akasema. "Zote mbili, au usipeleke."

"Wakiiona hii watakataa. Unajua."

"Najua." Akafumba macho. Nikadhani amelala. Nikaweka viatu chini ya kitanda, taratibu, nikasimama niondoke.

"Kipaza."

"Nipo."

"Mngelivunja mapema."

Alhamisi, 15 Mei

Nimepeleka zote mbili kitivoni.

Jumanne, 27 Mei

Wamekataa. Barua ni fupi na ina adabu: utando hauna uzima unaotakiwa, na kazi haiwezi kukamilishwa na mkono wa mtu mwingine. Mama yake alimsomea. Dada anasema alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kitambaa na sindano, ajaribu kutunga uzi. Alijaribu mpaka giza likaingia. Hakuweza.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika. Feni inavuma. Leo usajili wake umefungwa, na wameondoka asubuhi, yeye na mama yake. Alikuwa amevaa vile viatu, kamba amefungiwa.

Profesa amepata mwanafunzi mpya wa kuichukua ile meza, binti mkimya anayeandika kila kitu kabla ya kukigusa. Leo ameweka utando wake wa kwanza mvukeni, akiwa peke yake. Nimevua viatu mlangoni, nimeleta kiti, nimeketi koridoni. Kila baada ya muda nagonga.

"Nipo!" anaitika.

Mara ya kwanza alifungua mlango, akanitazama kwa mashaka.

"Samahani, kaka. Kuna mtu unamsubiri?"

Nikamwambia aendelee na kazi.

Nimegonga tena sasa hivi. Ameitika.